Kiti cha Glenda na Gundu la Mafagio

"Mimi sikukatazi kwenda," Royston alikuwa akirudia, mgongo kauegemeza kwenye mlango wa jikoni kana kwamba mkewe ni ng'ombe anayetaka kutoka zizini. "Nakuomba tu usiende. Ni vitu viwili tofauti."

Glenda alikuwa akigeuza soseji kwenye kikaango. Alimjibu bila kumtazama kwamba akishamaliza kutofautisha vitu vyake viwili apishe mlango, maana koti lake liko upande wa pili.

"Mama Leanne, tuwafikirie na wenzetu," Royston akasema, sauti kaishusha. "Mji mzima. Leo tunahitaji sare tu, basi. Sasa wewe ukienda..."

"Nikienda nini? Malizia."

Hakumalizia. Royston Thackray hakuwa mtu wa kumalizia sentensi ngumu; aliziacha mezani zipoe, akitumaini mkewe atazikusanya pamoja na vyombo. Lakini neno lenyewe wote wawili walilijua. Neno lilikuwa gundu. Glenda alikuwa na gundu, mkosi wa kuifungisha timu. Ndivyo mji wa Marlbeck ulivyoamini, kuanzia kinyozi hadi kasisi, na siku hiyo ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu. Marlbeck Town wakitoka sare, wanabaki ligi kuu. Wakifungwa, wanashuka daraja na kurudi walikotoka, kwenye viwanja vya matope ambako hata kamera za televisheni huja kwa kukosea njia.

"Kile kiti ni changu," Glenda akasema. "Kabla yangu kilikuwa cha baba yangu. Nimekikalia tangu wewe hujajua mpira una umbo gani. Kwenu mlikuwa mnakimbizana na yai."

Hilo lilimuuma Royston, kwa sababu lilikuwa kweli. Alitoka mji wa ng'ambo ya kilima, mji wa watu wa raga, na alipoletwa uwanjani kwa mara ya kwanza, wakati wa uchumba, aliuliza kwa nini wachezaji wasiubebe tu mpira mikononi wakamaliza shida. Aliyemleta ni Glenda. Aliyemfundisha maana ya kuotea, kwa kutumia kopo la chumvi na chupa ya siki, ni Glenda. Na sasa huyo huyo ndiye aliyeziba mlango, kama mgeni aliyekaribishwa chai halafu akabadilisha kitasa.

Marlbeck ulikuwa mji wa mafagio. Kiwanda kilifungwa zamani, lakini timu ilibaki na jina hilo, Mafagio, na mashabiki bado wanaingia uwanjani na fagio begani na kuimba "fagia, fagia" hata pale wao ndio wanaofagiwa. Wilfred, baba yake Glenda, alibandika nywele za mafagio kiwandani maisha yake yote, na kila Jumamosi alikaa kwenye kiti kimoja, jukwaa la mashariki, nyuma ya nguzo. Nguzo hiyo ilificha goli lote la kulia. Mabao ya upande ule Wilfred aliyaamini kwa kuyasikia tu, na hakuwahi kuomba kuhamishwa. Viti vilibanana, na neno pekee alilomwambia jirani yeyote mwanzo wa mechi lilikuwa, "Sogeza goti." Baada ya hapo alinyamaza hadi filimbi ya mwisho.

Wilfred alikufa bila kuiona timu yake ligi kuu. Kwa hiyo Mafagio walipopanda daraja, Glenda alienda makaburini na skafu mpya, akaifunga kwenye jiwe la kaburi la baba yake, akamwambia kwamba mwaka huu atatazama kwa niaba yao wote wawili. Hakulia. Alisema tu, akarudi nyumbani kuanua nguo.

Msimu ukaanza Agosti, na Mafagio wakapigwa kama ngoma.

Mmiliki wa klabu, bwana mmoja wa Arizona aliyetajirika kwa kuuza vitanda vya mbwa, aliwaambia waandishi wa habari kwamba klabu ni familia, na wiki iliyofuata akamfukuza kocha. Kocha wa pili alikuja na kitu kilichoitwa falsafa. Falsafa ilikuwa hivi: mabeki wapasiane mpira mbele ya goli lao wenyewe mpaka wapinzani waje wauchukue kwa huruma. Naye akafukuzwa. Wa tatu alikuwa mzee wa zamani aliyeajiriwa kwa sifa moja, kwamba ana sauti. Mshambuliaji mpya aliyenunuliwa ng'ambo kwa fedha za kutisha alipewa fagio ili apigwe nalo picha, akajifanya anafagia, kiuno kikakatika, na hakuonekana tena hadi karibu na Krismasi.

Sababu zote hizo zilikuwepo, kila mtu anaziona. Lakini mtu wa mpira hataki sababu anayoiona. Anataka ile iliyojificha.

Ikajitokeza Novemba. Leanne, binti yao, alishikwa na uchungu Jumamosi asubuhi, na Glenda, ambaye alikuwa amehudhuria mechi na homa, na mguu wenye plasta, na siku ya harusi ya dada yake, akaikosa mechi. Alimwandalia Royston chai kwenye chupa yake ya bluu, akaenda hospitali. Royston alifika uwanjani, akaiweka chupa kwenye kiti cha mkewe, na kwa sababu ya kilichofuata akasahau kuifungua. Mafagio walifunga mabao matatu dhidi ya wakubwa fulani wa London na wenyewe hawakufungwa hata moja.

Alimpigia mkewe simu huku akilia.

"Tumeshinda."

"Ni msichana," Glenda akasema. "Mzima kabisa, na mama yake mzima."

"Matatu bila."

"Royston, nimekwambia ni msichana."

"Wa kwanza kafunga kwa kichwa," alisema Royston.

Jumatatu yake watu wa safu yao walikutana baa. Anayewaongoza ni Dougie Pell, daktari wa meno mstaafu, mtu aliyesoma, aliyewang'oa meno nusu ya watu wa Marlbeck kwa kufuata sayansi. Dougie aliweka hoja mezani. Kitu gani kilibadilika Jumamosi ile? Kocha ni yule yule, mabeki ni wale wale Mungu awasaidie, mvua ni ile ile. Kilichobadilika ni kimoja. Shemeji hakuwepo, na kwenye kiti chake ilikaa chupa.

Mmoja wao alisema ushahidi wa mara moja hautoshi. Wakakubaliana wafanye jaribio. Mechi iliyofuata wakamwacha Glenda aje, wakimtazama kwa pembe ya jicho kama watu wanaosubiri maziwa yachemke, na Mafagio wakafungwa manne. Waliowafunga walikuwa mabingwa, waliokuwa wakimfunga kila mtu manne mwaka ule, lakini hilo halikuingizwa kwenye jaribio.

Dougie ndiye aliyetumwa kumweleza. Alimweleza kwa upole, kama alivyokuwa akiwaeleza watu kwamba jino haliwezi kuokolewa.

Glenda alicheka. Kisha akaona hawacheki, akakubali wiki moja, kwa ajili ya amani ya nyumba. Wiki hiyo Mafagio wakatoka sare ugenini. Nyingine wakashinda. Na wiki moja, kama zilivyo wiki za aina hiyo, ikawa majira yote ya baridi. Chupa ya bluu ikawa inakaa kwenye kiti chake kila mechi ya nyumbani, haijafunguliwa tangu siku ile, imevishwa skafu. Royston hakuifua jezi aliyokuwa ameivaa siku hiyo ya ushindi, au ndivyo alivyodhani. Na Glenda Jumamosi zake akawa anashinda kwenye duka la miche na maua, akitazama vyungu, akisikia uwanja ukinguruma kwa mbali bila kujua ni kwa heri au kwa shari.

Hata huko hakuachwa. Mwanamume mmoja aliyekuwa akichagua mbolea alimwomba, kwa adabu zote, kama hatajali asogee upande wa pili wa banda, maana pale alipo bado uwanja uko karibu. Mafagio walipofungwa, na walifungwa mara nyingi tu hata bila yeye, hakuna aliyesema kumbe gundu si lake. Walimuuliza alikuwa wapi hasa. Walimuuliza kama aliwasha redio. Dougie alitaka kujua kama, kati ya mapumziko na bao la pili, shemeji aliwaza habari za mpira hata kidogo.

Habari zikafika redio ya mji, na kutoka redio zikafika klabu. Klabu ikamtuma Bi Saffron Blyth, mkuu wa Idara ya Hisia za Mashabiki, binti mwenye meno meupe sana, aliyekuja na maua na kusema kwamba klabu inaiheshimu sana safari ya Glenda. Glenda akauliza safari ipi, yeye yuko jikoni kwake. Saffron akasema ndiyo hiyo hasa. Mwezi huo duka la klabu likaanza kuuza fulana zenye picha ya kiti kitupu. Ziliisha kabla ya zile zenye picha ya mshambuliaji wa kiuno.

Na ubaya wa mambo haya ni kwamba hayamwachi mtu mzima. Glenda alikuwa mtu wa vitendo, alisimamia jiko la shule ya msingi miaka na miaka na hakuwahi kumlaumu jini kwa wali ulioungua. Lakini siku moja ya Machi alizima redio makusudi, akageuza kiti chake kielekee ukutani, akakaa hivyo mpaka mechi ikaisha, na Mafagio walikuwa wameshinda. Hakumwambia mtu. Kitu kikamkaa kifuani, kidogo, kama mwiba wa samaki. Je, kama ni kweli? Kama baba yake naye alikuwa nalo, na ndiyo sababu timu haikupanda daraja mpaka alipokwisha kuondoka duniani? Aliliwaza hilo, akaona aibu kuliwaza, na akaliwaza tena.

Ndiyo maana leo alitaka kwenda. Hakuhitaji kuona Mafagio wakibaki ligi kuu. Hilo angelisikia hata akiwa bafuni, mji mzima ungepiga kelele. Alitaka kukaa kwenye kiti chake mechi ikiwa na maana, matokeo yawe yatakavyokuwa, asije akazeeka akiogopa kiti.

"Nimeshasema nakwenda," alimwambia Royston, akazima jiko.

Kengele ya mlango ikalia. Alikuwa Dougie na Bi Saffron, na nyuma yao Leanne na mtoto begani. Nje lilisimama gari safi kuliko kawaida ya mtaa ule. Saffron alieleza kwa furaha kwamba klabu imemwandalia Glenda siku ya mapumziko baharini: hoteli, chai na keki, na mtu wa kumkanda miguu. Dereva yuko tayari. Hakuna anayemlazimisha. Dougie alikazia kwamba kweli hakuna, huku akisimama pale alipokuwa amesimama Royston, maana Royston alikuwa ameenda kumchukulia mkewe koti.

"Mama, nenda tu," Leanne akasema. "Wakishuka daraja ukiwa uwanjani, Baba hatakula mpaka Julai. Na mimi ndiye nitakayepigiwa simu."

Glenda alimtazama mjukuu wake. Alikuwa amevishwa fulana ndogo yenye picha ya kiti kitupu.

Glenda akasema haya, atakwenda baharini. Akachukua soseji moja kutoka kwenye kikaango, akaikunja ndani ya kipande cha mkate, akawaambia zilizobaki wazile wao na chakula cha usiku wajipikie. Akavaa koti, akatoka. Royston alimshukuru mpaka getini. Alimshukuru kama vile watu wanavyomshukuru mgonjwa kwa kukubali kulazwa.

Dereva aliitwa Tanveer, mwenye teksi, mzaliwa wa mtaa wa pili, na fagio dogo la plastiki lilikuwa likining'inia kwenye kioo chake. Glenda alimuuliza inakuwaje shabiki mzima amekubali kuikosa mechi kama hii. Tanveer akasema aliteuliwa. Uchunguzi ulifanyika, ikaonekana yeye akiwepo au asiwepo matokeo hayabadiliki, kwa hiyo ndiye anayefaa.

"Hata kutia gundu siwezi, mama," alisema kwa huzuni kidogo. "Mke wangu aliposikia alisema hajashangaa."

Lilikuwa jua la Mei, na nusu ya kaskazini ya Uingereza ilikuwa imeamua kwenda baharini. Magari yalijipanga hayasogei. Walikwenda kwa kuburutika mpaka Tanveer akachoka, akaingia kwenye kituo cha mafuta cha pembeni, wakanunua chipsi zilizolowa siki, wakakaa garini kuzila kwa uma wa mti. Redio ilikuwa chini kabisa. Glenda alisema aizime, Tanveer akasema ndiyo mama, akapunguza kidogo tu, wakaendelea kusikiliza wote wawili wakijifanya hawasikilizi.

Muda mfupi kabla ya mapumziko Mafagio walipata mpira wa adhabu, wakaupoteza wenyewe kwa pasi tatu za falsafa ya yule kocha wa pili, na wapinzani wakaenda kufunga. Tanveer aliweka chipsi zake juu ya usukani.

Simu ya Glenda ikaita.

"Uko wapi?" Royston aliuliza. Nyuma yake kulisikika kelele za uwanja, kisha sauti ya Dougie ikiuliza yuko wapi.

"Kituo cha mafuta. Tunakula chipsi."

"Bado hamjafika baharini?" Akageuka pembeni. "Dougie, hawajafika baharini. Ndiyo hiyo basi." Akarudi kwenye simu, na sauti yake ikawa laini. "Mke wangu, nisikilize. Mwambie dereva asogee mbele. Mfike kabisa. Na mkifika, kuna lile daraja la mbao linaloingia majini, unalijua. Tembea mpaka mwisho wake."

"Halafu nijitose?"

Alisikika Royston akinong'onezana na Dougie.

"Sijasema hivyo," alisema hatimaye.

Glenda alikula chipsi moja. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ile anayoitumia kuuliza kama kuna nguo nyingine za kufua.

"Royston, hiyo jezi uliyovaa."

"Sijaigusisha maji tangu Novemba. Mimi upande wangu nimetimiza."

"Nimeifua kila Jumapili ukiwa baa. Naianika nyuma ya banda, naikunja naiacha sakafuni pale pale ulipoivulia. Ilikuwa inanuka, Royston. Hata mbwa wa jirani alikuwa anaikimbia."

Royston alianza kuhesabu wiki kwa sauti ya chini, kama mtu anayehesabu upya maisha yake.

"Hata kabla ya ile mechi ya Machi?"

"Hiyo hasa. Uliimwagia mchuzi."

Glenda alichukua chipsi nyingine. Kwa mara ya kwanza tangu majira ya baridi alihisi ule mwiba wa samaki kifuani ukilegea, kwa sababu hata mtu kama Royston ataona sasa: walishinda na jezi safi aliyoiamini ni chafu, hakuna jezi wala chupa wala mke anayefunga mabao.

"Na Jumapili iliyopita?" Royston akauliza. "Uliifua?"

"Jumapili nilikuwa kwa Leanne."

"Hukuifua."

"Sikuifua."

"Dougie," Royston aliita, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepona. "Dougie, ni jezi. Haijafuliwa wiki hii. Ni jezi." Kisha, kwenye simu, kwa haraka, "Kwa sabuni gani?"

"Royston. Kama ni jezi, basi si mimi."

"Eh?"

"Kama tunafungwa kwa sababu ya jezi, mimi sina gundu. Narudi uwanjani."

"Aa, hapana, hapana," Royston akasema, na alisema kwa upole, kama mtu mzima anayemtuliza mtoto. "Tusichanganye mambo, Mama Leanne. Jezi nitaishughulikia mwenyewe. Wewe endelea kusogea."

Akakata simu.

Glenda alibaki ameishika. Alikuwa ameishi na mwanamume huyu, akamfulia, akamzalia, akamfundisha kuotea kwa kopo la chumvi, na sasa akaelewa jambo ambalo alipaswa kulielewa Novemba. Hawakuwa wakimwondoa kwa sababu walikuwa na hakika. Walikuwa wakimwondoa kwa sababu yeye anaondoka anapoombwa. Kocha hawawezi kumwondoa, mmiliki hawawezi, mabeki wana mikataba. Yeye ana koti tu.

"Geuza gari," alimwambia Tanveer.

Tanveer alimtazama kwenye kioo. "Mama, mimi naishi Marlbeck. Watoto wangu wanasoma Marlbeck. Jina langu limeandikwa mlangoni mwa hii teksi."

"Sema nilikutishia."

"Kwa kitu gani hasa?"

Glenda akamwonyesha uma wa mti wa chipsi.

Tanveer aliutafakari. Kisha akasema ni mkali kuliko unavyoonekana, akawasha gari.

Upande wa kurudi barabara ilikuwa tupu. Hakuna mwenye akili aliyekuwa akienda Marlbeck siku yenye jua. Kipindi cha pili kilianza wakiwa njiani, na mtangazaji alikuwa amefikia hali ya kusifu nyasi. Mafagio walikuwa bado nyuma kwa bao moja. Tanveer aliegesha mahali pasiporuhusiwa, mbele kabisa ya lango la jukwaa la mashariki, akasema atamsubiri, kisha akaona upuuzi wa kusubiri nje, akashuka naye.

Mlinzi wa lango alikuwa kijana mnene aliyevaa kizibao cha manjano. Alimtambua Glenda mara moja. Picha yake ilikuwa imetoka gazetini mara kadhaa, chini ya picha ya kiti.

"Bibie, tafadhali," alisema. "Tuko nyuma moja tu."

Glenda alitoa kadi yake ya msimu mkobani na kuigusisha kwenye mashine. Mashine ile ilikuwa kitu pekee Marlbeck ambacho hakikuwa kimesikia habari za gundu. Ikawasha taa ya kijani, na chuma kikazunguka.

Alipanda ngazi. Alipotokeza jukwaani, watu wa safu za nyuma walimwona kwanza, halafu wa katikati, na wimbo wa "fagia, fagia" ukafa safu kwa safu. Mtu alimwita jina lake kwa sauti ya kuomba. Mwingine alisema mtoeni, lakini hakuna aliyesimama kumtoa, maana kumgusa nako nani ajuaye kunaleta nini. Bi Saffron, aliyekuwa pembeni na mpiga picha wake, alifungua kinywa na kwa mara ya kwanza hakukuwa na hisia yoyote ndani yake.

Royston alikuwa kwenye kiti chake, amelowa. Maji yalimchuruzika kwenye viwiko na kuingia kwenye viatu. Alikuwa ameifua jezi chooni wakati wa mapumziko, kwa sabuni ya kunawia mikono, na kuivaa vile vile bila kuikamua, na sasa alikaa akitetemeka, akinukia limau, akikodolea macho mpira uliokuwa ukipotezwa katikati ya uwanja na watu walewale waliokuwa wakiupoteza tangu Agosti.

Pembeni yake, juu ya kiti cha nyuma ya nguzo, chupa ya bluu ilikuwa imekaa na skafu yake.

"Shemeji," Dougie alisema, akinyanyuka. "Shemeji, dakika zimebaki kidogo. Kwa heshima zote. Fikiria vizuri."

"Nimefikiria tangu Novemba," Glenda akasema. Aliichukua chupa, akampa mikononi. "Usiifungue, Dougie. Chai yake ina umri wa mjukuu wangu, na yeye ameshaota meno."

Royston aliinua uso. Alionekana mdogo, kama siku ile alipouliza kwa nini wasiubebe tu mpira mikononi. Alitaka kusema kitu, akaanza, akakiacha katikati kama kawaida yake. Glenda alivua koti lake, akamtupia mabegani, akamwambia nimonia haijali nani anashuka daraja.

Uwanjani Mafagio walikuwa wamepata kona. Ilikuwa upande wa kulia, kule nyuma ya nguzo, ambako hakuna mtu wa familia yake aliyewahi kuona chochote. Jukwaa zima lilikuwa limegeuka kumtazama yeye badala ya mpira.

"Sogeza goti," Glenda akamwambia mumewe.

Royston akalisogeza, na Glenda akakaa.